Alikokuwa Marwa Alfajiri Ile

Jumatatu, 8 Julai 1996. Homa Bay

Chai, mandazi, picha za maiti. Ndiyo asubuhi yangu tangu chuo kifungwe. Walimu wenzangu wa sheria wakipata likizo hupumzika. Mimi hurudi kwenye nyumba aliyoniachia baba, nikasoma mafaili ya watu waliohukumiwa kunyongwa, nikitafuta penye uozo. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Baadhi yao wametoka. Wengi hawakutoka.

Naandika haya kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha majaji, Kijaluo ni cha matanga. Hiki ni changu.

Faili la leo: Marwa, Mkuria, mlinzi wa bohari la samaki Muhuru Bay. Tajiri wake, Odongo, alikatwakatwa kwa panga njiani kuelekea ufuoni, alfajiri moja ya Desemba 1991. Picha ni mbaya. Shingo imefunguka hadi mfupani. Mkono wa kushoto unaning'inia kwa ngozi, aliuinua kujikinga. Nilisukuma mandazi kando.

Wiki ile Marwa aliomba ruhusa ya kwenda kwao, Odongo akamnyima, wakatukanana mbele za watu. Usiku wa mauaji mlinzi hakuonekana kazini. Alirejea kesho yake jioni na hakusema alikotoka. Polisi wakamchukua, akakiri kwa kuweka kidole gumba. Lakini kilichommaliza Marwa mahakamani ni jambo jingine. Kabla ya kukamatwa, maiti ilipolazwa uani na ufuo mzima kupita kuitazama, Marwa alikataa. Alisimama nje ya ua, akageuka, akaondoka.

Wazee wa baraza waliomshauri jaji walikuwa Wajaluo wenzangu. Kwetu mtu akifa unakwenda kumtazama hata kama ulimchukia. Anayeogopa kumtazama ni yule aliyemwua, maana akimtazama chira, laana ya kuvunja mila, itamla. Wazee wote walisema ana hatia, jaji akakubaliana nao.

Mimi nami, nilipofika ukurasa ule, niliguna: huyu kaua. Kisha nikakasirika, kwa sababu hiyo si sheria, ni nyumbani.

Jumatano, 10 Julai. Jela

Marwa ni mrefu, amejipinda. Hana meno ya mbele. Sikio la kulia halisikii tangu siku zile za kituoni. Kucha mbili hazikuota tena; walizing'oa kwa koleo, kisha kimoja cha vidole hivyo wakakikandamiza kwenye karatasi ya kukiri.

Tulipokuwa tukizungumza walikuwa wakimpiga mtu chumba cha pili. Rungu likigonga nyama lina sauti yake, halifanani na kitu kingine. Hakuna askari aliyegeuza kichwa. Marwa alinyamaza walipopiga na akaendelea walipopumzika, kama mtu anayengoja lori lipite.

Nikamwuliza alikuwa wapi alfajiri ile. Akatazama sakafu. Nikamwuliza kwa nini hakumtazama marehemu. Sakafu tena. Nikapandisha sauti. Akasema waninyonge tu, mama, nimechoka kungoja. Nikamwambia mimi sijachoka, na rufaa ni Septemba, na asinipotezee petroli.

Askari akacheka. Ningeweza kumtia kidole cha jicho.

Jumamosi, 13 Julai. Muhuru Bay

Omena, dagaa wa ziwani, zimetandazwa juu ya nyavu hadi mlangoni mwa kanisa. Inzi. Mashua zinashusha samaki wakubwa wa mbuta. Ouma, karani wangu ambaye pia ndiye dereva, alitaka kununua mmoja. Nikamwambia kwanza tujue kama tutatoka hapa.

Hatukukaribishwa. Mjane wa Odongo anaitwa Atieno, ana banda la kukaanga samaki. Nilijitambulisha kwa Kijaluo, kwa heshima zote. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mkono wenye mafuta kwenye leso, akanizaba kofi. Sikio bado linavuma ninapoandika.

"Wewe ni nyar Homa Bay, binti wa kwetu," akasema kwa Kiswahili, ili wageni wote wasikie. "Umesoma mpaka ukaisha. Na unakuja kutetea mtu mwenye alichinja bwanangu?"

Nilimwambia sijui kama ni yeye. Akasema kama si yeye basi ni nani, nimpe jina. Sikuwa na jina. Mawe yakaanza. Moja lilimpata Ouma begani.

Mzee mmoja muuza kamba alitusindikiza hadi garini, labda kwa huruma, labda ili tuondoke upesi. Huyo ndiye aliyesema kitu cha maana. Desemba ile, akasema, ilikuwa ya tohara kule kwa Wakuria. Ruhusa aliyonyimwa Marwa ilikuwa ya hiyo. Kwenye faili wameandika "mambo ya nyumbani". Hakuna aliyejisumbua kuuliza mambo gani.

Jumanne, 16 Julai. Milima ya Kuria

Mama yake Marwa ni kikongwe mwenye masikio yaliyotobolewa na ulimi mkali. Alinitazama juu hadi chini, akasema jambo kwa Kikuria, wanawake wakacheka. Kijana akatafsiri kwa aibu: anauliza kama huyu mama mwenye mvi ametahiriwa. Nikasema kwetu hatufanyi hayo. Basi wewe ni mtoto, akasema bibi, na mtoto haambiwi mambo ya watu wazima. Nami nikamwambia mtoto huyu ndiye pekee anayezuia mwanawe asinyongwe. Akaacha kucheka. Akawatoa watu wote nje.

Kisha ikatoka yote, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Kati ya waliotahiriwa Desemba ile, mmoja alikuwa Boke, binti wa Marwa. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakutaka. Alipigana, akamuuma shangazi yake. Baba yake alitoroka kazini Muhuru Bay, akasafiri mchana kutwa, na alfajiri alikuwepo kwa sababu binti alihitaji kushikwa. Alfajiri ileile. Odongo anakatwa ufuoni, na Marwa yuko milimani, mwendo wa siku nzima, mbele ya macho ya watu wa kijiji.

Na maiti? Bibi alinishangaa kama mjinga.

"Nyinyi Wajaluo mnakimbilia maiti. Kwetu mtoto akiwa na kidonda cha tohara, mzazi hasogelei mtu amekufa. Kidonda itaoza. Mtoto atakufa."

Wazee wale wa baraza waliona mtu anayeogopa kosa lake. Kumbe alikuwa anaogopa kumwua binti yake. Wote walijua mila. Ila walijua yao tu.

Kwa nini hakuna aliyesema mahakamani? Kwa sababu chifu alikuwa amepiga marufuku ukeketaji na mwaka uliotangulia alimtupa ngariba ndani. Wazee wa mila wakawaapisha wazazi wote: asiyefunga mdomo, atakufa yeye na uzao wake. Marwa aliapa. Ameshika kiapo hadi mlango wa kitanzi.

Nilikwenda kwa wazee hao. Nikawaomba mmoja tu aje aseme Marwa alikuwa hapa. Walinipa kiti, wakanipa soda, wakakataa. Mkubwa wao alisema mtu mmoja akifa kijiji kinabaki, kijiji kikisema siri zake hakuna kinachobaki. Alisema bila hasira hata kidogo. Nilimchukia kwa utulivu ule.

Jumatano, 17 Julai. Migori

Jana tukitoka kule vijana walikuwa wameziba njia kwa magogo. Walivunja vioo vyote kwa rungu, polepole, kimoja baada ya kingine. Ouma alishuka kuwaomba. Alishonwa nyuzi nyingi kichwani. Damu yake iko kwenye kiti, kwenye viatu vyangu, kwenye mafaili.

Daktari aliuliza kama ni wezi wa ng'ombe. Nikasema ndiyo. Nimechoka.

Jumamosi, 20 Julai. Magunga

Boke alitoroka kwao kidonda kilipopona; bibi yake alinidokeza alikokimbilia. Yupo hapa, kwenye nyumba ya masista wanaopokea wasichana, anashona sare za shule. Ouma, mwenye bandeji kama kilemba, aliendesha gari lisilo na vioo kando ya mbuga, mbung'o wakatula tukiwa hai.

Boke ana miaka kumi na tisa, karibu ishirini. Uso wa bibi yake, ulimi pia. Nilimweleza kila kitu. Hakuacha kukanyaga cherehani. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Mwalimu, wewe unajua alifanya nini ile asubuhi?"

Nikasema najua alikuwepo.

"Wengine walishika miguu. Yeye alifunika macho yangu na mkono yake. Nilikuwa naita baba, baba, na ni yeye. Sasa mnataka niende niseme hiyo mkono haikuwa na panga."

Nikafunga faili.

"Wacha wamnyonge," akasema, akachukua sare nyingine.

Nilitaka kumwambia kuhusu haki, kuhusu mtu kufa kwa kosa la mwingine. Maneno haya nimewafundisha vijana miaka yote. Nilikula ugali wa masista, nikaondoka.

Jumapili, 21 Julai. Homa Bay

Sikwenda kanisani. Nina hasira na kila mtu.

Nasema ukweli hapa, maana hakuna mwingine wa kuusoma: sehemu yangu moja ilikubaliana na Boke. Wanafunzi huniuliza kila mwaka, je, Profesa, mteja wako akiwa mtu mbaya? Nami huwajibu kwa kejeli kwamba mahakama haipimi wema, inapima shitaka. Jibu zuri. Wanaliandika wote. Halikunisaidia lolote mbele ya cherehani ile.

Alhamisi, 25 Julai. Jela

Nilimwambia Marwa nimempata Boke, na nimejua yote.

Akasema asije, wazee watamwua, kiapo kitamwua. Nikamwuliza ana la kumwambia binti yake. Alifikiri sana. Kisha akauliza: "Anatembea vizuri?"

Nilimpiga. Kofi, mkono mzima, juu ya meza. Mimi, wakili, nimempiga mtu aliyehukumiwa kifo. Askari alipiga makofi akasema hongera mama. Marwa hakujikinga. Alishika shavu, akasema hakuna mtu amewahi kumpiga kwa hiyo ya Boke, walimpiga kwa ile ingine tu.

Niliondoka bila kumuaga. Mkono uliniwasha hadi Kendu Bay.

Ijumaa, 9 Agosti. Homa Bay

Boke yuko jikoni mwangu. Alikuja na basi la asubuhi, bila taarifa, na mfuko wa plastiki.

Anataka kujua kama akisema mahakamani, anaweza kusema yote. Si tarehe tu. Mkono pia. Anataka aseme baba yake akiwa amekaa hapo anasikia. Nikamweleza kwamba majaji wa rufaa hawapendi mashahidi wapya, kwamba nitawaombea ruhusa, kwamba wakikubali wakili wa serikali atamchambua kama samaki. Nikamweleza pia kwamba akisema, baba yake huenda akatoka.

"Hiyo ya kutoka ni yenu na majaji," akasema. "Mimi nataka asikie."

Tumeandika hati ya kiapo pamoja. Sikubadilisha neno lake hata moja isipokuwa kuongeza nukta.

Jumatano, 14 Agosti. Homa Bay

Habari imefika milimani. Sijui imefikaje. Karani wa mahakama ana mdomo, au masista, au upepo.

Mtu amemwaga damu ya mnyama mlangoni mwangu na kuacha kichwa cha mbuzi juu ya ngazi, macho yametolewa. Ouma alikizika. Nilisafisha ngazi mwenyewe kwa jivu na maji. Naogopa. Nimeandika ili nijue.

Jumamosi, 17 Agosti. Magunga

Boke alikuwa amerudi kwa masista; walimpata sokoni, saa za watu wengi. Baba yake mdogo, ndugu yake Marwa, na wanaume wawili. Hawakusema kitu. Rungu la kwanza lilimvunja mkono alioinua. La pili mbavu. Alianguka juu ya mafungu ya nyanya, wakaendelea kumpiga mateke huku wakimtaja babu yao.

Wanawake wa soko ndio waliomwokoa. Waliwavamia kwa michi, kwa mawe ya mizani, kwa chochote. Wale wawili wakakimbia. Baba mdogo alikamatwa. Nilipofika kumwona Boke walikuwa wamemvua huyo nguo, uso umefumuka, jicho moja limeziba, na mtu ameshaleta mafuta ya taa. Nimeona watu wakichomwa. Najua harufu inayofuata. Nilipiga kelele kwamba mimi ni wakili, jambo la kijinga kabisa, hakuna aliyenisikia.

Boke alijiinua kutoka chini. Mkono umepinda pasipo na kiungo. Akasimama kati yao na yeye.

"Msimwue," akasema. "Yeye pia nataka asikie."

Wakamwacha. Waliona haya, nadhani, au walishangaa. Polisi wakamchukua akiwa hai, kwa shida.

Nimemwambia Boke tuache. Nimemwambia hakuna rufaa inayostahili mkono wake. Alikuwa akifungwa plasta, anatoa jasho, akanitazama kwa dharau iliyonipa aibu.

Jumatatu, 26 Agosti. Homa Bay

Boke amehamia kwangu. Analala kidogo. Mchana anashona kwa mkono mmoja, anashikilia kitambaa kwa goti. Tunagombana kuhusu chumvi.

Jumanne, 17 Septemba. Kisumu

Leo.

Majaji watatu. Niliomba ruhusa ya shahidi mpya. Wakili wa serikali akapinga kwa nusu saa: kwa nini sasa, kwa nini binti, mtoto gani hatasema uongo kwa ajili ya baba yake ili asinyongwe? Hoja nzuri. Ningeitoa mimi. Majaji walinong'ona, wakakubali.

Marwa aliletwa akiwa na pingu. Baba mdogo hakuwepo, yuko rumande Homa Bay. Upande wa nyuma alikaa Atieno mjane, amevaa nyeusi tupu kuanzia leso hadi viatu, na ndugu za Odongo.

Boke akaapa kwa mkono ulio mzima. Akasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya nguo. Giza lilivyokuwa likiondoka. Nani alishika mguu upi. Mkono uliofunika macho, ulivyonukia samaki, maana alitoka boharini bila kunawa. Mkalimani alisimama katikati ya sentensi, jaji akamwambia aendelee. Marwa alikuwa ameinamisha kichwa. Boke akanyamaza kabisa hadi akakiinua, ndipo akaendelea.

Wakili wa serikali akasimama.

"Unampenda baba yako?"

"Hapana."

"Kwa nini basi umekuja kumtetea?"

"Simtetei. Nasema alikuwa wapi."

"Ungependa afunguliwe?"

Boke alifikiri kweli. Niliona anafikiri, nikashika meza.

"Mimi ningependa angekuwa huko Muhuru Bay anaua mtu," akasema. "Basi hangekuwa pale kwetu."

Wakili wa serikali alikaa. Alibaki akitazama karatasi zake. Jaji wa katikati alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena mpaka tulipoahirisha. Hapo ndipo nilipojua. Miaka yote nimewaletea mashahidi wanaompenda mtuhumiwa, na wote walitiliwa shaka. Huyu anamchukia, na hakuna aliyeweza kupata sababu ya yeye kudanganya.



Ijumaa, 11 Oktoba. Kisumu

Wamemwachia. Maungamo yametupwa. Kuhusu maiti, majaji wamesema wazee wa baraza walimpima mtu kwa mila isiyokuwa yake. Nilitaka kusimama nishangilie sentensi ile. Nilikaa.

Nje, ndugu za Odongo walitungoja. Mmoja alimrushia Marwa jiwe, likampasua paji. Ouma, ambaye angepaswa kuwa amejifunza, alimkumbatia kumkinga, akala la pili. Polisi wakapiga risasi hewani. Watu wakalala chini barabara nzima. Katikati ya watu wote waliolala, Atieno peke yake alibaki amesimama. Alinijia.

"Haya," akasema. "Kama si yeye, ni nani?"

Ni swali lilelile. Bado sina jina. Nimemtoa mtu jela, na aliyemkata mume wake yuko mahali anakunywa chai. Hakunipiga safari hii. Ningependa angenipiga.

Boke hakuja kusikiliza. Alikuwa na sare za kumaliza.

Jumanne, 15 Oktoba. Homa Bay

Marwa hana pa kwenda. Kwao wazee wamesema hawamjui. Yuko kwenye chumba cha Ouma nyuma ya nyumba. Boke aliporudi akakuta yupo, alichukua mfuko wake akaenda Magunga na basi la mwisho. Hawakusalimiana. Marwa alisimama mlangoni, mikono nyuma ya mgongo kama yumo jela, hadi vumbi likaisha.

Hali chakula kingi. Nikifunga mlango kwa nguvu huanguka chini na kufunika kichwa.

Alhamisi, 17 Oktoba. Homa Bay

Baada ya chai aliniuliza: kumshika mtoto vile, sheria inaitaje?

Nikamwambia. Kumjeruhi mtu vibaya. Nilimwambia kwa Kiswahili cha mahakama, na kifungo chake, bila kufikiri, kama ninavyomjibu mwanafunzi. Akashukuru.

Mchana hakuwepo. Ouma alimfuata, akamkuta njiani anatembea kwa miguu kuelekea Migori. Alikataa kurudi. Alikuwa anakwenda polisi.

Ijumaa, 18 Oktoba. Migori

Nimemfokea kupitia nondo za kituo hadi sauti ikakauka. Kituo kilekile. Watu walewale, baadhi yao, waliomng'oa kucha. Nikamwita mjinga, nikamwita mpumbavu, nikamwuliza anajua nimetumia nini kumtoa, anajua mkono wa binti yake una chuma ndani. Nikamwambia nitamtetea hapa hapa, nitaifuta taarifa yake yote, imeandikwa bila wakili.

"Hapana, mama," akasema. "Ile ingine sikufanya. Hii nilifanya."

Wazee hakuwataja. Ngariba hakumtaja. Aliapa juu ya wengine, akasema, juu yake mwenyewe hakuapa. Jichoni alikuwa na kidonda kipya. Sikutaka kuuliza. Nikauliza. Akasema aligonga mlango.

Nimekaa garini muda mrefu. Maisha yangu yote nimewatoa watu mle ndani kwa meno. Sijawahi kumwona mmoja akirudi kwa miguu yake. Nina hasira naye hadi machozi.

Jumatatu, 25 Novemba. Migori

Mvua tangu alfajiri. Mahakama ilikuwa na watu wachache, wengi wamejikinga tu.

Nilikaa kiti cha nyuma, si cha mawakili. Hakimu alimsomea shitaka. Marwa akasema ni kweli. Hakimu akamwuliza kama ameelewa, akasema ni kweli tena. Hakimu alikuwa kijana, niliwahi kumfundisha; aliniona, akanitazama kama anayeomba msaada. Sikutikisa kichwa. Akampa miaka mitatu.

Boke alikuwepo. Sikujua kama angekuja. Alikaa upande wa dirisha, plasta imetoka, mkono umekonda. Hakimu alimwuliza kama ana la kusema. Akasema alishasema Kisumu. Marwa alipopitishwa karibu naye alipunguza mwendo, askari akamsukuma. Boke hakugeuka, wala hakuondoka.

Tukala hotelini karibu na stendi. Samaki, ugali, sukuma wiki. Alikula vizuri. Ouma akasimulia upuuzi fulani kuhusu mbung'o na kasisi, Boke akacheka, mara ya kwanza nimemsikia. Mvua ikapungua. Akauliza kama miaka mitatu huwa mitatu kweli. Nikasema akiwa mtulivu hupunguzwa. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Huko ndani wanapiga watu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia naweza kwenda kumwona, niwajulishe askari kwamba ana mtu, hapo huwa wanapunguza. Kisha nimletee habari.

"Habari usiniletee," akasema Boke. "Lakini nenda."

Nitakwenda Alhamisi.